Ndani ya Jicho, Dawa Haikuwa Ikifika

Mwaka 1750, mjini Leipzig, Johann Sebastian Bach alipasuliwa macho mara mbili na John Taylor, Mwingereza aliyezunguka Ulaya akijipigia debe. Mtoto wa jicho enzi hizo alitibiwa kwa kudunga jicho sindano na kuisukuma chini lenzi iliyoingia ukungu. Kuchemsha vifaa? Wapi! Bakteria hawakuwa hata wanajulikana kama chanzo cha maradhi. Bach akapofuka kabisa, akaugua, na Julai akafa. Kama ni macho yaliyomuua, wanahistoria bado wanabishana.

Leo lenzi hiyo hutolewa, ya plastiki ikawekwa, na shosho analala kwake usiku huo huo. Maambukizi ni nadra. Lakini bakteria hawajahama: wengi hutoka kwenye kope za mgonjwa mwenyewe na kupenya pale alipopasuliwa. Siku chache baadaye jicho linauma, linakuwa jekundu, na macho yanafifia badala ya kung'aa. Hiyo si ya kungoja kliniki ya wiki ijayo. Ni ya leo.

Cha ajabu, hata baada ya penisilini kuja, macho mengi yaliendelea kupotea. Kumbe mishipa ya retina huchuja kinachotoka kwenye damu. Unaweza kumjaza mgonjwa dawa mwili mzima, na ndani ya jicho ikafika kiduchu tu. Miaka ya 1970, watafiti kama Gholam Peyman, mzaliwa wa Iran, walipima ni dozi gani inaweza kudungwa moja kwa moja ndani ya jicho bila kuunguza retina. Wazo linatisha, najua, ila ndilo lililookoa macho.

Mwaka 1995 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 420 ulithibitisha: waliopewa pia dawa ya mshipani hawakuona vizuri kuliko waliodungwa jichoni peke yake. Waliobaki kuona mwanga tu ndio waliofaidika kwa kusafishwa ute wa ndani haraka.

Halafu Ulaya wakauliza: kwa nini tungoje usaha? Wakajaribu kudunga miligramu 1 ya sefuroksimu jichoni mwishoni mwa upasuaji. Maambukizi yakapungua karibu mara tano. Mwaka 2006 usajili ulisimamishwa mapema, maana haikuwa haki tena kumnyima mtu sindano hiyo.