Ka- na Tu- katika Mitaa ya Eastlands

Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili cha mwambao, akipita Kaloleni au Maringo, Nairobi, na kumsikia mama akisema kwamba katoto kake kamelala, aghalabu hudhani kuwa lugha imeharibika. Kwani kwao angeliambiwa kitoto kimelala, na ka- yeye aijua katika masimulizi tu, pale msafiri alipoondoka, akafika, akaketi. Dhana hiyo haina haki, na tarikhi ya mitaa yenyewe yaikanusha.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wameziweka ka- na wingi wake tu- katika ngeli ya 12 na ya 13, ambazo kazi yake mahususi ni kupunguza kitu, ama umbo lake, ama hadhi yake. Kiswahili cha pwani kiliziacha, kikaitwika ki- mzigo wote: ya kiti na kisu, ya Kiarabu na Kihindi, ya kipofu na kiziwi, kisha ya kijumba na kijitu. Wakikuyu na Wakamba hawakuziacha. Kwa hiyo zilipoingia Nairobi zilikuwa wazee waliorudi nyumbani, wala si wageni.

Ziliingiaje? Pumwani ilipotengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wengi wa waliojenga humo walikuwa Waislamu wenye Kiswahili cha kujivunia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilibomolewa na Shauri Moyo ikajengwa. Miaka ya 1940 ikaleta Ziwani na Kaloleni. Na watu wa Murang'a, Machakos na Kakamega wakawa majirani katika vyumba ambamo ukuta mmoja hutenga jamaa mbili. Hata Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilipowakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa operesheni iliyoitwa Anvil, mazoea ya ka- na tu- yalikwisha kuota mizizi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa vitabu vya shule, na vitabu vikashika ki-. Ka- haikuomba idhini ya mkutano wowote.

Lililo bora katika ka-, kwa maoni yangu, ni adabu yake. Aliyekosa kodi humwambia jirani kwamba ana kashida, wala hasemi ana shida, ili jirani asiingiwe na hofu, na mwombaji asivunjikiwe na heshima. Aliyeajiriwa husema amepata kakazi, na mwenye duka kwamba ana kabiashara, wasije wakaonekana kujitukuza mbele ya wenzao waliokosa. Mgeni huombwa angalau anywe kachai, hata kama birika imejaa. Katika maisha ya kubanana hivyo, kulipunguza jambo kwa ulimi ni namna ya kumwachia mwenzio nafasi.

Lakini silabi hiyohiyo hujeruhi. Kale kajamaa ni mtu aliyekwisha kuvuliwa utu kabla ya kutajwa kosa lake, na mwanamke mzima aitwaye kasichana ana haki ya kukasirika. Mbaya zaidi ni pale inapofunika dhuluma: rushwa, ambayo nchi nzima huiita kitu kidogo, na ambayo Eric Wainaina aliiimbia wimbo mashuhuri mwaka 2001, mtaani huombwa kwa jina la kakitu kadogo, udogo juu ya udogo, na mtoaji akasahau kwamba ameporwa. Huko mashariki ya Kongo, watoto waliobebeshwa bunduki katika vita vya Laurent Kabila vya 1996 na 1997 waliitwa kadogo, jina la mapenzi lililovishwa msiba.

Walimu husahihisha ka- kwa wino mwekundu, nami siwalaumu, maana mtihani una kanuni zake. Ila wangetega sikio nje ya darasa. Kijaluo si lugha ya Kibantu, wala hakina ngeli. Hata hivyo mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa Kaloleni atasema tutoto tule tudogo tumetoroka, akipatanisha nomino, kionyeshi, kivumishi na kitenzi pasipo kukosea hata kimoja, kwa kanuni ambayo hakuna kitabu kilichomfundisha.