Muhammed Said Abdulla: Mwandishi Aliyeuhoji Mzimu

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuuliza ni nani aliyeiweka misingi ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, bila shaka utamtajia Muhammed Said Abdulla. Huenda ukaongeza kwamba Bwana Msa, mpelelezi wake mvuta kiko, ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Jibu hilo lina ukweli, ila linampunja mwandishi. Hebu tuyatazame maisha yake.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Baada ya masomo alikuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Mwaka wa 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Kuanzia 1958 alihariri Mkulima hadi alipostaafu mwaka wa 1968. Zingatia kwamba Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu liliwatetea Waafrika. Aliyepitia meza zote mbili hakukosa kuona jinsi kisa kimoja kinavyosimuliwa kwa namna mbili. Hiyo ndiyo shule iliyomzaa Bwana Msa.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa mwaka wa 1960. Zilifuata nyingine sita, kuanzia Kisima cha Giningi (1968) hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Abdulla alifariki mwaka wa 1991.

Tazama anwani hizo mbili za mwanzo. Mzimu ni mahali pa kutambikia. Giningi, katika masimulizi ya Wazanzibari, ni makutano ya wachawi. Mwandishi anamwingiza msomaji kwa mlango wa hofu. Katika riwaya ya kwanza, maiti isiyo na kichwa inapatikana mzimuni. Wengine wakitetemeka, Bwana Msa anauliza maswali, na mwishowe tunabaini kwamba aliyeua ni binadamu.

Wahakiki wamemlaumu Abdulla kwa kutoichimba migogoro ya kitabaka. Lawama hiyo ina mashiko. Hata hivyo, tusisahau kwamba mwaka wa 2008, hapa kwetu Kisii, zaidi ya watu kumi walichomwa hadi kufa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Hakuna aliyetangulia kuuliza ushahidi uko wapi. Je, riwaya inayomfunza kijana kuuliza swali hilo ni ya kujiburudisha tu?

Ukiifundisha, wasimamishe wanafunzi kabla ya fumbo kufumbuliwa. Waorodheshe yaliyoonekana kwa macho upande mmoja, na yaliyosemwa tu upande wa pili. Kisha waulize: ni orodha ipi iliyowatia hofu?