Kitovu Kilichotoa Ushahidi: Kisa cha Watoto wa Minamata



Kwetu mtu akitaka kuonesha kuwa mahali fulani ndipo kwao husema, "Hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu." Wajapani wana desturi nyingine. Kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka, mama hukiweka katika kisanduku kidogo cha mbao na kukihifadhi miaka mingi. Katika mji mmoja wa wavuvi, visanduku hivyo vilikuja kuwa ushahidi wa sumu iliyowafikia watoto kabla hawajazaliwa. Kisa hicho nataka wazazi na wanafunzi wetu wakijue, kwani mafunzo yake bado yanatuhusu.

Mji huo ni Minamata, katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilianza kutengeneza hapo kemikali iitwayo asetaldehaidi, kwa kutumia zebaki. Maji machafu yalimwagwa baharini. Ndani yake mlikuwamo zebaki ya methili, ambayo ni hatari kuliko zebaki ya kawaida kwa sababu huingia katika viumbe wadogo wa baharini, kisha samaki, na mwisho huishia kwa yule anayewala. Haina rangi wala ladha, na samaki mwenye sumu hiyo hunukia vizuri jikoni kama mwingine yeyote.

Paka ndio waliotangulia kuonesha dalili. Walipepesuka, wakazunguka kama wenye wazimu na kufa. Mwezi Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano aliletwa katika hospitali ya kiwanda hicho akiwa hawezi kutembea wala kusema vizuri. Tarehe 1 Mei, Dkt. Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali hiyo, alitoa taarifa kwa ofisi ya afya kuwa kuna ugonjwa usiojulikana. Wagonjwa walikufa ganzi mikono na miguu, uwezo wao wa kuona ukapungua, na wengine wakapata degedege na kufariki. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema kuwa chanzo ni zebaki. Mwaka huohuo Dkt. Hosokawa alimlisha paka taka za kiwanda, naye akaugua vilevile. Kampuni ilificha matokeo hayo na kuendelea kumwaga taka hadi mwaka 1968.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katika vijiji hivyo walizaliwa watoto wasioweza kushika shingo, kutembea wala kusema. Madaktari walisema ni kupooza kwa ubongo tu, kwa sababu watoto hao hawakuwahi kula samaki wa ghuba ile. Elimu ya wakati huo ilifundisha kuwa kondo la nyuma ni ukuta, na kwamba sumu iliyomo katika damu ya mama haiwezi kumfikia mtoto.

Mwaka 1961 daktari kijana, Harada Masazumi, alimkuta mama mmoja mwenye wana wawili waliokuwa na dalili zilezile. Mama akamweleza kuwa mkubwa ameandikwa kuwa mgonjwa wa Minamata, lakini mdogo amekataliwa kwa kuwa hakula samaki. Kisha akasema maneno yenye hekima: samaki nilikula mimi nikiwa na mimba yake, basi sumu imemwendea yeye. Dkt. Harada hakumdharau. Alipita vijijini na kuona kuwa watoto wa namna hiyo ni wengi kupita kiasi. Mwaka 1962, baada ya uchunguzi wa maiti za baadhi ya watoto hao, watoto 16 walitambuliwa rasmi kuwa waliathirika wakiwa tumboni.

Hapo ndipo vile visanduku vilipokuwa na kazi. Akina mama walivitoa, vitovu vikapimwa, na zebaki ya methili ikaonekana ndani yake. Kiwango chake kilipanda katika miaka ile ambayo kiwanda kilizalisha zaidi.

Leo tunajua kuwa zebaki hiyo hupita kwenye kondo kwa njia ileile inayopitisha chakula cha mtoto. Katika damu ya kitovu huwa nyingi kuliko katika damu ya mama. Ndiyo maana mama aliweza kuonekana mzima, au kuhisi ganzi ya vidole tu, na mtoto akazaliwa na ulemavu wa maisha. Wengi wa watoto wale wamezeeka wakiwa bado wanahitaji kulishwa na kuvishwa.

Minamata ilikuwa samaki. Iraq ilikuwa mkate. Mwaka 1971 wakulima wa huko waligawiwa mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa yenye zebaki ya methili ili zisiote ukungu. Mbegu nyingi zilifika msimu wa kupanda ukiwa umepita. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa Kihispania na Kiingereza. Watu waliosha mbegu, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka, wakasaga na kuoka. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 wakafa humo. Baadhi ya wajawazito walipona, lakini watoto wao walichelewa kutembea na kusema.

Ndugu zangu, je, sisi tuko mbali na hayo? Geita kule Tanzania na Migori kule Kenya, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukamatisha dhahabu, kisha huichoma, na mara nyingine moshi wake huingia majumbani. Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki mara nyingi. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia zebaki, wenye jina la Minamata, ulianza kutumika mwaka 2017, lakini karatasi haimlindi mjamzito kama watu wa nyumbani hawajui.

Basi tuzingatie haya:

1. Zebaki isichomwe nyumbani wala karibu na mjamzito.
2. Krimu isiyoandikwa viungo vyake isiingie nyumbani.
3. Mbegu iliyotiwa dawa si chakula, hata ikioshwa.
4. Samaki ni chakula bora, tusiwaogope. Mjamzito ale dagaa na samaki wadogo, aepuke papa na nduwaro, kwani hao hukusanya zebaki nyingi.

Na la tano, ambalo ni kubwa kwangu: mama akisema jambo kuhusu mtoto wake, tumsikilize. Yule mama wa Minamata hakusoma udaktari, lakini alikuwa sahihi kabla ya madaktari. Mtoto aliye tumboni ni amana, na hawezi kujisemea.