Kuhesabu Mwendo kati ya Kabambare na Kasongo

Katika karne ya 19, njia ya Kabambare hadi Kasongo, mashariki mwa Kongo ya leo, ilikuwa sehemu ya barabara ndefu ya misafara iliyoanzia pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, kisha ikapanda milima na kuteremkia bonde la Luama kuelekea mto Lualaba. Urefu wake haukupimwa kwa maili, bali kwa miendo. Mwendo mmoja ulikuwa kazi ya asubuhi: msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, kila mpagazi akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32.

Kipimo hicho kiliingia hata katika mikataba. Mwaka 1876, karibu na Kasongo, mvumbuzi Stanley alipatana na mfanyabiashara Tippu Tip amsindikize kwa miendo 60, kila mmoja wa saa 4, kwa dola 5,000. Kila baada ya miendo miwili pangekuwa na siku ya mapumziko, na safari isipite miezi 3. Waliondoka Nyangwe, mji wa kando ya Lualaba, mwezi Novemba. Msitu mnene, matope na ndui viliwachelewesha mno, na Desemba wakaagana kabla miendo 60 haijatimia.

Hesabu ilivurugika pia kwa sababu ya maradhi na mvua. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimzuia mvumbuzi Livingstone huko Kabambare kwa miezi kadhaa. Alipoondoka Februari 1871, alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi, ingawa masafa hayo hayafiki kilomita 200 kwa mstari ulionyooka.

Kisha njia hiyo ikapata watawala wapya: majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliteka Kasongo Aprili 1893 na Kabambare Januari 1894. Baadaye reli ya Kindu hadi Kongolo ilipita upande wa magharibi wa Lualaba, ikaiacha Kabambare mbali, itegemee barabara ya udongo.

Kwenye barabara hiyo gari halikufuta hesabu ya zamani. Kilomita zilezile huchukua muda mfupi wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, na muda mrefu zaidi masika yanapolainisha udongo na kuharibu madaraja. Kwa hiyo makadirio ya kuaminika huanza na maswali matatu: mvua ilinyesha lini, madaraja yakoje, na mzigo una uzito gani. Umbali hufuata baada ya hayo.