Kejeli, Wapiga Chapa na Dola ya Uingereza, 1762–1763

Historia ya uhuru wa magazeti huko Uingereza katika karne ya 18 mara nyingi husimuliwa kama habari za waungwana wenye kalamu kali. Wale waliopanga herufi na kuendesha mitambo husahauliwa. Ndugu msomaji, tulitazame gazeti moja la kejeli, The North Briton.

Sheria ya kukagua maandishi kabla ya kuchapwa ilikoma mwaka 1695, lakini tabaka tawala halikulala. Mwaka 1712 ulitozwa ushuru wa stempu: peni moja kwa karatasi nzima ya gazeti, na shilingi moja kwa kila tangazo. Zikaja pia fedha za kununua kalamu. Kamati ya Bunge iliyochunguza utawala wa Robert Walpole iligundua mwaka 1742 kwamba katika miaka kumi zaidi ya pauni 50,000 za serikali ziliwaendea waandishi na wapiga chapa wa magazeti.

Mei 1762 Waziri Mkuu Lord Bute, kabaila wa Kiskoti, alianzishiwa gazeti la kumtetea, The Briton. Wiki moja baadaye mbunge John Wilkes akatoa The North Briton, ambalo lilijifanya sauti ya Mskoti mtiifu huku likimkejeli Bute. Nani aligharimia? Lord Temple, kabaila mwingine! Ulikuwa basi ugomvi wa wanyonyaji wenyewe kwa wenyewe. Tena kejeli hiyo ilichochea chuki dhidi ya Waskoti wote, kana kwamba fukara wa London alinyonywa na kabila fulani wala si na tabaka.

Toleo la 45, la tarehe 23 Aprili 1763, lilishambulia hotuba ya Mfalme iliyosifu mkataba wa kumaliza Vita vya Miaka Saba. Waziri Lord Halifax akatoa hati ya kukamata isiyotaja jina la mtu yeyote. Wakakamatwa watu 49.

Mmoja wao alikuwa mfanyakazi wa chapa aitwaye Huckle, mwenye mshahara wa gini moja kwa wiki. Kiwanda alichofanyia kazi hakikulichapa toleo hilo. Alizuiliwa saa sita hivi, akalishwa nyama na bia, akaachiliwa. Huckle akashitaki. Upande wa serikali ulidai kwamba hakudhurika, lakini baraza la mahakama likampa fidia ya pauni 300, yaani mshahara wake wa zaidi ya miaka mitano. Jaji Pratt alikataa kuipunguza: jambo kubwa halikuwa zile saa sita, bali mamlaka ya kumkamata mtu kwa hati isiyo na jina. Wapiga chapa wengine nao wakafungua kesi. Mwaka 1766 Bunge la Makabwela (ambamo makabwela hawakuwamo) likazilaani hati hizo.

Desemba 1763 mnyongaji alipoamriwa kulichoma toleo la 45 hadharani jijini London, umati uliwashambulia maofisa na kulinyakua gazeti. Badala yake wakachoma buti, wakilichezea jina la Bute.