Isiolo iko digrii sifuri: historia fupi ya picha zetu kwenye ramani

Leo hakuna msimbo mwingi, ni historia. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikirekebisha programu ya kupanga picha inayotumiwa na shirika moja dogo hapa Isiolo (jina silitaji). Wana maelfu ya picha za visima vya maji kutoka wadi mbalimbali. Kisima kikionekana kwenye ramani, kinaingia kwenye orodha ya kukaguliwa na kutengenezwa. Kisipoonekana, ni kana kwamba hakipo, na mama wa Kinna ataendelea kutembea na punda wake hadi kisima cha mbali. Kwa hiyo hili si jambo la urembo wa ramani.

Hali niliyoikuta ilikuwa hivi: picha za Merti zilikuwa kwenye ramani vizuri kabisa. Za Kinna, Garba Tula na mji wa Isiolo hazikuonekana kabisa. Kamera zilezile, watu walewale, mwezi uleule! Ukitaka kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Tuanze na mfumo wa Exif. Huu ndio utaratibu wa kuficha maelezo ndani ya faili ya picha: tarehe, aina ya kamera, na mahali. Ulitungwa Japani katika miaka ya 1990, na toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2002. Waliouandika waliamua kwamba latitudo itahifadhiwa kama namba tatu zisizo na alama ya kutoa: digrii, dakika na sekunde. Halafu, katika sehemu nyingine kabisa, inawekwa herufi moja: N kwa kaskazini au S kwa kusini. Longitudo nayo ni vivyo hivyo, na herufi yake ni E au W.

Sasa chukua ramani. Mji wa Isiolo uko karibu digrii 0 na dakika 21 kaskazini mwa ikweta. Kinna ni digrii 0. Garba Tula ni digrii 0. Merti imevuka digrii 1. Umeshaona? Aliyeandika programu ile aliuliza: "Je, digrii ni sifuri? Basi picha hii haina mahali." Ukiwa London au Chicago swali hilo halina ubaya, maana digrii za latitudo haziwi sifuri hata siku moja. Kwetu sisi tunaokaa juu ya ikweta, sifuri ni anwani ya nyumbani.

Nikaondoa swali hilo. Picha zikarudi, lakini zikatua kwenye mashamba ya chai karibu na Chuka, upande wa pili wa Mlima Kenya! Programu ilikuwa inasoma zile namba tatu bila kuangalia herufi, halafu inaweka kila kitu kusini. Isiolo ikipinduliwa kwenda kusini mwa ikweta inaangukia kilomita chache tu kutoka Chuka, umbali wa kama kilomita 78 kutoka mahali pake halisi. Na hapa ndipo hatari ilipo. Picha ya London ikipinduliwa itaanguka baharini na kila mtu atacheka. Picha ya Isiolo ikipinduliwa inabaki Kenya, kwenye nchi kavu, na mtu aliye ofisini Nairobi ataamini.

Haya, tatizo la tatu ni la zamani zaidi. Baadhi ya picha zilipigwa na kamera zisizo na GPS, na mahali pake palisomwa kwenye ramani za karatasi za Survey of Kenya, zile za 1:50,000. Ramani hizo zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Jina hilo linatokana na mstari mrefu wa vipimo uliofuata longitudo ya 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Lilikuwa wazo la mnajimu David Gill aliyekuwa Cape, na kipande cha mwisho kilikamilika mwaka 1954. Watu walipanda vilima na kupima pembe kwa macho ili sisi tupate ramani. Kazi kubwa sana, na naiheshimu.

Lakini GPS inatumia msingi mwingine, WGS 84. Hapa Kenya tofauti kati ya misingi hiyo miwili ni karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Ukisoma namba kwenye ramani ya karatasi na kuziingiza kwenye programu bila kuzibadilisha, picha yako inasogea kaskazini mita 300 hivi. Mita 300 ni kitu gani? Simama ukingo wa kusini wa Ewaso Ng'iro, ndani ya Buffalo Springs, kaunti ya Isiolo. Sogea mita 300 kaskazini. Umevuka mto, uko kaunti ya Samburu. Kisima kimehama kaunti bila kuchimbwa upya.

Na ukisema tuandike jina tu badala ya namba, nalo lina mtego wake. Ewaso Ng'iro ziko mbili: hii yetu ya kaskazini, na ile ya kusini inayomwaga maji Ziwa Natron. Tena kuna mji mdogo wenye jina hilo hilo karibu na Narok. Ramani za wakoloni zinaandika Uaso Nyiro, nyingine Guaso Nyiro. Programu ikitafuta jina na kuchukua jibu la kwanza, ng'ombe wa Waborana watajikuta Umaasaini.

Mwaka 2000 ndio uliobadilisha mambo. Mpaka wakati huo Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, kiasi kwamba kosa la mita 100 lilikuwa la kawaida. Mwezi Mei mwaka huo Rais Clinton aliamuru uharibifu huo ukome, na kosa likashuka hadi makumi machache ya mita au chini yake. Baadaye zikaja ramani za Google (2005), kisha Flickr ikawaruhusu watu kuweka picha zao kwenye ramani (2006). Simu za mkono zikamalizia kazi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki California. Ulifanyika hapa kwetu. Tarehe 30 na 31 Januari 2016, mamia ya watu (wachungaji, wanafunzi, askari wa wanyama, watalii) walizunguka kaunti za Isiolo, Laikipia, Marsabit, Meru na Samburu wakiwa na kamera zenye GPS. Walikuwa wakimtafuta punda milia wa Grevy. Miaka ya 1970 ikielekea mwisho wanyama hawa walikadiriwa kuwa kama 15,000. Sasa wamebaki wachache, na wengi wao wako Kenya. Zoezi hilo liliitwa Great Grevy's Rally.

Kazi ilikuwa kupiga picha ubavu wa kulia wa kila punda milia. Michirizi ni kama alama za vidole, haifanani, kwa hiyo kompyuta inaweza kusema "huyu tumeshamwona jana." Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme siku ya kwanza umepiga picha wanyama 100, siku ya pili 80, na kati ya hao 80 kuna 40 uliowaona jana. Maana yake jana ulifanikiwa kuona nusu ya wote, kwa hiyo wote ni kama 200. Picha zaidi ya 40,000 zilikusanywa, na jibu likawa wanyama 2,350 Kenya nzima. Zoezi liliporudiwa mwaka 2018, jibu lilikuwa 2,812.

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya saa na mahali palipoandikwa ndani ya kila picha. Pindua ile herufi N na punda milia wa Isiolo watakuwa wanakula chai Chuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba namba za mahali ni ushahidi wa kweli, na anayeandika programu ya kuzisoma ana wajibu kama wa karani wa mahakama.

Kuna upande wa pili pia. Picha ya faru ikiwa na namba zake kamili ni zawadi kwa jangili. Kwa hiyo programu nzuri inajua kuhifadhi mahali kwa mwenye picha, na pia inajua kupafuta kabla picha haijaenda mtandaoni.

Haya, ombi langu kwa wenzangu wanaoandika programu za aina hii, popote mlipo. Kabla hujatoa toleo jipya, lijaribu kwa picha nne: moja ya Merti, moja ya Isiolo, moja ya Chuka na moja ya Nanyuki, ambako ikweta inapita. Ya kwanza ina digrii 1, ya pili ina sifuri ya kaskazini, ya tatu ina sifuri ya kusini, na ya nne iko karibu na sifuri yenyewe. Zote nne zikikaa mahali pake, programu yako iko tayari kwa dunia. Mkipata mji mwingine wenye mtego mzuri kuliko hii, nitumieni, nitauongeza kwenye majaribio yangu.