Rindi, Meli na Jedwali la Safu Mbili

Katika masomo ya Historia na Maarifa ya Jamii, habari za uvamizi wa wakoloni hufundishwa mara nyingi kwa jedwali la safu mbili: watawala waliopinga huku, walioshirikiana na wavamizi kule. Uchagani hutoa mifano ya safu zote mbili. Sina wa Kibosho na Meli wa Moshi ni mashujaa. Rindi wa Moshi na Marealle wa Marangu ni vibaraka. Mwanafunzi hukariri, hujibu mtihani, hupata alama zake.

Rindi alikuwa baba yake Meli. Hilo peke yake lingepaswa kumfanya mwalimu aweke chaki chini kidogo.

Moshi ya Rindi ni ile iliyo mlimani, ambayo leo twaiita Moshi ya Kale, si mji ulioota baadaye huku chini kwenye reli. Mlima haukuwa na dola moja. Kila mangi alikuwa na nchi yake, mara nyingi kati ya bonde na bonde, na mifongo yake ya maji, na maadui zake. Adui mkubwa wa Rindi alikuwa Sina, jirani yake. Mwaka 1885 Rindi aliukubali kwanza waraka wa Lloyd Mathews, aliyetumwa na Sultani Barghash wa Zanzibar. Muda mfupi baadaye akaukubali mkataba wa Mjerumani Karl Jühlke. Anayewakubali mabwana wawili katika mwaka mmoja ni vigumu kumwita mtumishi wa yeyote kati yao. Alikuwa akitafuta nguvu ya kummaliza Sina, na Februari 1891 akaipata: Hermann von Wissmann aliishambulia Kibosho, wapiganaji wa Moshi wakiwa pamoja naye. Sina, shujaa wa jedwali letu, alisalimu amri, akaendelea kutawala chini ya bendera ya Wajerumani.

Rindi alifariki mwaka huohuo. Meli akarithi kiti, na wageni ambao baba yake aliwakaribisha. Juni 1892 wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kiongozi wake, Albrecht von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata Gavana von Schele alipanda mlima na jeshi kubwa zaidi, akaishinda Moshi. Kuanzia hapo Meli alitawala kwa miaka zaidi ya sita akiwa mangi aliye chini ya Wajerumani. Miaka hiyo haina safu katika jedwali, nami nadhani ndiyo inayotufaa zaidi kuisoma, kwa kuwa ndiyo inayofanana na maisha ya watawaliwa wengi: mtu ametii, hajaridhika, na anatazamwa.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine 18, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya serikali. Masimulizi ya mlimani humtaja Marealle kuwa mchongezi. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina. Wana wa mahasimu wawili wa 1891 walikufa siku moja, kwa shtaka moja.

Jedwali lilikuwa na sababu njema. Baada ya Uhuru, wanahistoria wa Dar es Salaam walitaka kuonyesha kwamba Waafrika hawakukaa tu wakingoja kutawaliwa. Lakini chombo cha kurejesha heshima kimekuwa chombo cha kugawa watu. Mtoto aliyezoea safu mbili akiwa darasa la sita, akija kuwa afisa wa wilaya na kukutana na diwani anayehoji mkataba wa ardhi, ana maneno mawili tu kinywani: mzalendo au msaliti. Swali la kwa nini majirani wa mlima mmoja waliona heri kumwita mgeni mwenye bunduki kuliko kupatana hakuulizwa kamwe.

Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha ndugu walio hai na baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Mmoja wa waliotambuliwa ni Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe, ambalo ukoo wake umelitafuta kwa miaka mingi, halikuwamo.